Safu ya Maswali na Majibu: Hulka ya Mwalimu Inamsaidia Wapi, Inamkwamisha Wapi?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu wa hisabati, na kwa asili ni mtu mkimya. Huandaa andalio la somo mapema na huyarudisha madaftari ya wanafunzi yakiwa yamesahihishwa siku inayofuata. Hivi karibuni mkuu wangu wa shule aliketi nyuma ya darasa langu, kisha akaandika kwamba somo "limepangika lakini limepoa", na akanishauri nimwige mwenzangu ambaye akiingia tu darasani wanafunzi huchangamka. Je, mtu mkimya anaweza kugeuka akawa mchangamfu, na je, ni lazima? — Mwalimu Mkimya

JIBU: Mwalimu, si lazima, na ukijilazimisha wanafunzi watakugundua kabla ya wiki kwisha. Hata hivyo, alichokiona mkuu wako hakikuwa hewa tupu, kwa hiyo tusikitupe chote.

Mgawanyo wa watu katika wakimya na wachangamfu ulienezwa na Carl Jung, daktari wa Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1921. Siku hizi watafiti wengi wa haiba hawamwingizi mtu katika fungu moja, bali humpima katika nyanja 5: uchangamfu, bidii na utaratibu, wema wa kupatana na watu, uthabiti wa hisia, na upenzi wa mambo mapya. Kila mtu yuko mahali fulani katika kila wanja. Wewe, kwa maelezo yako, uko chini katika uchangamfu lakini uko juu sana katika utaratibu, na jambo hili la pili mkuu wako amelipitia kwa neno moja tu, "limepangika", kana kwamba somo hujipanga lenyewe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya tafiti nyingi kuhusu haiba za walimu, uliona kwamba uchangamfu na utaratibu vyote viwili vinahusiana na ufanisi wa mwalimu, na kwamba uhusiano wa haiba na ufanisi huonekana zaidi pale mwalimu anapopimwa kwa maoni ya watu wanaotathmini ufundishaji wake. Huenda basi mwalimu mchangamfu hung'aa zaidi mbele ya mgeni aliyeketi nyuma ya darasa.

Ukimya wako una faida moja ambayo mwenzako huenda anaitafuta kwa taabu. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, katika kazi zake za miaka ya 1970, aliona kwamba walimu wengi, baada ya kuuliza swali, husubiri takriban sekunde 1 tu kabla ya kulijibu wenyewe au kumrukia mwanafunzi mwingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi wengi zaidi walijitolea kujibu, na wale waliokaa kimya au kusema "sijui" walipungua. Mwalimu mchangamfu huona sekunde hizo 3 kama moto unaozimika, akakimbilia kuuchochea kwa mzaha au kidokezo. Wewe unaweza kuzivumilia bila jasho.

Hatari yako iko papo hapo. Ukimya wa mwalimu ukikutana na ukimya wa wanafunzi, ni rahisi kudhani kwamba wameelewa. Andika ubaoni 5 − 3x = 11, endelea hadi mwisho bila mtu kunyoosha mkono, kisha pita kati ya madawati: huenda ukawakuta wachache ambao, baada ya kutoa 5 pande zote mbili, wameandika 3x = 6 na kupata 2 badala ya −2, kwa sababu alama ya kutoa imedondoka njiani. Hawatakuambia, hasa wakiuona uso wako hauoneshi kama wamepatia au wamekosea. Kwa hiyo usijifunze mizaha, bali jiwekee taratibu: baada ya kila hatua ngumu kila mwanafunzi aandike jibu katika ubao mdogo au kipande cha karatasi na kukiinua, taja kwa sauti kilicho sahihi katika jibu la mwanafunzi, usiishie kutikisa kichwa, na usizungumze ukiwa umeugeukia ubao, kwani sauti ya mtu mpole haifiki madawati ya nyuma. Pia uwe tayari kuliacha andalio lako pale alama hiyo inapodondoka kwa nusu ya darasa. Hilo la mwisho ndilo litakalokuwia gumu kuliko yote, maana mtu wa utaratibu huona kutomaliza mada kama deni.

SWALI: Wanafunzi wangu wananipenda kwa sababu sigombi, lakini kazi za nyumbani hawaleti, na kila nikipanga siku ya mwisho naishia kuisogeza. Nifanyeje nisiharibu uhusiano wetu? — Mwalimu Mpole

JIBU: Katika uchambuzi ule wa 2019, wema wa kupatana na watu ndio wanja pekee kati ya zile 5 ambao haukuonekana kuhusiana na ufanisi. Sababu moja, kwa maoni yangu, ni hiyo hiyo unayoieleza. Kila unapoisogeza siku unawahurumia waliochelewa na kuwaadhibu, bila kukusudia, waliokesha wakiimaliza, na hao hawatakulalamikia. Tangaza kanuni mapema, siku ambayo hakuna aliyekosea bado: kazi iliyochelewa itasahihishwa, lakini alama zitapungua kwa kiasi kinachojulikana. Mwenye udhuru wa kweli aje akueleze kabla ya siku yenyewe, si baada yake. Kisha itekeleze kwa sauti yako ile ile ya kila siku, kwani hakuna anayekutaka ugombe. Na mwanafunzi atakapokuja kubembeleza mlangoni, mwoneshe kanuni iliyobandikwa ukutani na umwulize kazi yake ataileta lini.