Maswali na majibu: Katalogi si sensa ya vitabu

Barua za safari hii ni nyingi, na nusu yake zinauliza jambo lile lile. Naanza nalo ili lisirudi tena.

Mwalimu, nimepakua rekodi za katalogi ya Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, nikachuja vitabu vya Kiswahili, nikachora grafu. Mstari unapanda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Niandike kwamba hayo ni matunda ya Azimio la Arusha? (Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma)

Usiandike lolote bado. Mwaka 1966, mwaka mmoja kabla ya Azimio, maktaba hiyo ilifungua ofisi Nairobi ili inunue machapisho ya ukanda huu na kuyapeleka Washington. Yawezekana wachapishaji ni wale wale, aliyezidi ni mnunuzi. Tena kama faili lako ni lile lililotolewa bure Mei 2017, lenye rekodi milioni 25 hivi, basi rekodi zake ni zilizotengenezwa kati ya 1968 na 2014. Kitabu cha 1952 kimo humo kwa sababu tu kuna mtu aliyekaa baadaye akaihamishia kadi yake kwenye kompyuta.

Fungua sehemu ya 008 ya kila rekodi, yaani mstari wa misimbo mifupi. Tarakimu sita za mwanzo ni tarehe rekodi ilipoingizwa. Mwaka wa kuchapishwa unafuata mbele kidogo. Chora grafu ya kila moja uziweke pamoja. Ukiona rekodi zimeingizwa kwa mafungu makubwa, ulizia kilichotokea maktabani mwaka ule kabla ya kuulizia kilichotokea Arusha. Kisha linganisha na bibliografia ya taifa ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nayo ina matundu yake, maana inategemea wachapishaji wapeleke nakala kama sheria inavyotaka, na wengi wa wachapishaji wadogo hawana habari. Riwaya za bei poa za kituo cha basi na vijitabu vinavyouzwa nje ya misikiti siku ya Ijumaa huviona kwa nadra katika katalogi yoyote. Ukihesabu kilichomo tu, utahitimisha kwamba Waswahili hawakuwahi kusoma mapenzi wala upelelezi, na jopo litakupitisha kwa sababu grafu ina rangi nzuri.

Naweza kunakili matokeo ya utafutaji ukurasa baada ya ukurasa?

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Pakua faili zima la MARC, muundo wa rekodi za maktaba unaosomwa na kompyuta, au mwombe mkutubi akutolee, wakutubi hawaumi.

Nimeondoa rekodi zinazojirudia kwa kutumia ISBN, sasa vitabu vya kabla ya 1970 vimetoweka. Faili limeharibika? (Mombasa)

Faili ni zima, umeharibu wewe. Kabla ya 1970 ISBN, namba ya kutambulisha toleo la kitabu, ilikuwa bado haijawa kanuni ya kimataifa, na hata baada ya hapo wachapishaji wetu wengi waliendelea bila hiyo. Linganisha jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na mwaka kwa pamoja. Na kabla ya kufuta, amua unahesabu nini. Kitabu kilichopigwa chapa mara tano kinaweza kuwa na rekodi tano halali. Anayechunguza usomaji anazihitaji zote tano. Anayehesabu tungo mpya anahitaji moja, tena ile ya kwanza.

Nina "Shaaban Robert", "Robert Shaaban" na "Robert, Shaaban". Ni watu watatu? (Mwalimu wa sekondari, Kisumu)

Ni mmoja, na unamfahamu: 1909 hadi 1962. Programu ya bure ya OpenRefine itakukusanyia majina yanayofanana, nawe uthibitishe kwa kutazama VIAF, orodha ya kimataifa ya majina ya waandishi. Ila usibonyeze "unganisha yote" ukaenda kunywa chai. Katika pwani hii Mohamed Ali wanaweza kuwa kumi, mmoja mshairi, mwingine daktari wa mifugo. Safu yenye majina ya asili usiiguse. Fanyia kazi nakala.

Nitapataje vitabu vya Kiswahili cha Kongo peke yake? (Bujumbura)

Kwa msimbo wa lugha, hupati. *Swa* hubeba Kiswahili chote, cha Lubumbashi na cha Unguja. Tumia msimbo wa nchi ya kuchapishwa, *cg* kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kisha usome kitabu chenyewe. Nchi ya kuchapishwa haisemi kitabu kilikoandikwa: Kusadikika ya 1951 ilitolewa na Nelson wa Uingereza. Na chochote kilichochapishwa Brussels kwa ajili ya misheni za Kongo kitakuponyoka kabisa.

Natafuta tenzi za kale sioni kitu.

Umeandika tahajia moja ukakata tamaa. Utenzi ulio katika hati ya 1728 unaitwa Utendi wa Tambuka, Utenzi wa Tambuka, Chuo cha Herkali, na katika uandishi wa Wajerumani hata Kyuo. Jaribu zote. Hati nyingi pia hazimo kwenye katalogi ya kawaida ya vitabu: kwa Dar es Salaam tazama orodha ya J. W. T. Allen ya 1970, kwa London uliza SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika. Zilizobaki masandukuni huko Lamu na Pate hazina rekodi popote. Huko unakwenda kwa miguu, unaaga kwa adabu, na hupigi picha bila ruhusa ya wenyewe.

Rekodi nyingi hazina mwaka. Akili mnemba inaweza kunijazia? (Nairobi)

Itakujazia, na itakujazia vizuri mno hata usione ilipobuni. Mkutubi aliyeandika [1975?] amekuachia alama ya shaka makusudi, na *197u* maana yake ni muongo ule tu, mwaka haukujulikana. Zihesabu kwa muongo, zisizo na hata hiyo zitenge kwenye safu yao, na idadi yake uitaje katika tasnifu.