Kuhara damu kwa mtoto wa miezi 8

Pole sana, mama. Umeuliza kama umpe mwanao anayeharisha Flagyl (dawa ya metronidazole) aliyokushauri jirani. Mtoto wa miezi minane mwenye homa, na kwenye nepi unaona makamasi yenye damu: hapo usisubiri kesho, mpeleke kituo cha afya leo. Damu mara nyingi ni dalili ya bakteria kama shigela, na mtoto huyo anahitaji antibiotiki atakayoandikiwa kituoni kulingana na uzito wake. Flagyl haiui shigela. Dawa za kufunga tumbo usimpe kabisa, ni hatari kwa mtoto mchanga.

Kinachoua haraka ni kuishiwa maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na kila akiharisha mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa pakiti, unaochanganywa na maji) mililita 50 hadi 100 kwa kijiko, taratibu. Akitapika, ngoja dakika kumi, endelea. Koroga pakiti kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, wala usiongeze sukari. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kuhara kukiisha.

Bana ngozi ya tumbo lake kisha achia. Ikirudi polepole, au macho yameingia ndani, au amelegea na hanyonyi, nendeni hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku, huku ukimnywesha njiani kama anaweza kumeza.