“Nakasirika”, “nimekasirika” au “nina hasira”?

Swali: Nafanya kazi mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Juzi bosi aliniuliza mbona nimenyamaza, nikamjibu, “Nakasirika.” Akacheka: “Basi ukishakasirika uniite.” Kosa liko wapi? Na je, naweza kusema “nina hasira” au “najisikia hasira”? (Msomaji, Igoma)

Jibu: Bosi wako kakuonea kidogo, lakini sikio lake ni zima. Kukasirika ni kitenzi cha kuingia katika hali, kundi moja na kuchoka, kushiba, kulewa na kununa. Hali ikishakupata, unatumia -me-: nimekasirika, nimechoka, nimeshiba. Ukisema “nakasirika” ukaishia hapo, msikilizaji anaelewa ama hasira ndiyo kwanza zinapanda, ama unaeleza kawaida yako: “Nakasirika nikikuta dagaa wameanikwa mchangani.”

Ukiwa na shaka, kanusha. Kinyume cha “nimekasirika” ni “sijakasirika”. Ukisema “sikasiriki”, hiyo ni habari ya tabia: wewe si mtu wa hasira. (Wanaoandika “nimekasilika”, na Kanda ya Ziwa tuko wengi, wana kosa la r na l tu, sarufi yao haina neno.)

“Nina hasira” ni sahihi, ila ina maana mbili: hasira za sasa hivi, au hasira za kuzaliwa nazo. Ukisikia “yule mama ana hasira”, mara nyingi maana yake ni mkali siku zote. Kama ni za sasa, taja wakati au sababu: “Leo nina hasira, mizani imenipunja kilo mbili.”

“Najisikia” ndiyo yenye mtego. Inataka kielezi au sifa ya mtu: najisikia vibaya, najisikia mnyonge; mkiwa wengi, tunajisikia wanyonge. Nomino zipeleke kwa “nasikia”: nasikia hasira, nasikia wivu, nasikia uchungu, nasikia baridi. Watu wa pwani kwa baadhi ya hizo husema “naona”: naona haya, naona baridi. “Najisikia hasira” inazidi kuenea. Mimi bado naifuta nikiikuta kwenye maandishi. Na usiiache “najisikia” ikae peke yake, kwani “yule anajisikia sana” ni habari ya maringo.

Kuna na kuchukia, ambacho kinawaponza wengi zaidi. “Nimechukia” maana yake umeudhika, na jioni yanaweza kuwa yameisha. Ongeza kiambishi cha mtendwa, “nimemchukia”, jambo limekuwa kubwa: humtaki tena. Kukasirika, kwa upande wake, hakipokei mtendwa hivihivi, lazima kinyambuliwe kwanza: “nimemkasirikia dereva wa bajaji”, si “nimemkasirika dereva”.