Jibu: Naogopa kung'olewa gego, naweza kulazwa usingizi?

Pole dada. Umesema ukiona sindano tu unatetemeka, ndiyo maana unataka ulazwe usingizi kabisa. Nusukaputi ipo, lakini huhitaji mtaalamu wake na vifaa vya hospitali, na bili yake si mchezo. Kwa gego moja ningeanza chini zaidi.

Kuna gesi ya nitrasi oksaidi, huchanganywa na oksijeni, unaivuta kwa kifuniko cha puani. Unabaki macho, unamsikia daktari, ila hofu inalegea. Ikizimwa unapewa oksijeni dakika chache na akili inarudi. Pua ikiziba kwa mafua haitakufaa, na kama una mimba sema mapema.

Halafu kuna dawa za kutuliza, midazolamu na jamaa zake: kidonge unachomeza kabla, au sindano ya mshipani, ambayo ina nguvu zaidi na huenda usikumbuke mengi. Hapa ndipo watu hujidanganya. Siku hiyo usiendeshe gari wala usirukie boda peke yako. Mtu mzima akusindikize hadi mlangoni. Pombe usiguse. Na tafadhali usijinunulie kidonge mjini ukakimeza kwenye matatu ukija kliniki. Daktari lazima ajue umetumia nini.

Ganzi bado utadungwa, maana dawa hizi hutuliza hofu, si badala ya ganzi. (Mimi huomba nipakwe jeli ya ganzi kwenye ufizi kwanza.) Ukipiga simu kuweka miadi, uliza wana kipi, na nani atakayeangalia pumzi yako wakati daktari anang'oa.