Bustani ya uani Mtwara: kazi ianze kabla mvua haijagonga bati

Kila Desemba, mvua mbili tatu zikishanyesha, simu yangu hujaa picha za watu wanaoanza kulima nyuma ya nyumba. Jembe jipya, pakiti za mbegu mkononi, na swali ni lile lile: nianze na nini? Jibu langu huwa haliwafurahishi. Kazi hiyo ilitakiwa ianze Oktoba.

Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja tu wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na ifikapo Mei umekwisha. Anayengoja mvua ndipo ashike jembe hutumia wiki za kwanza, zile nzuri kuliko zote, kung'oa visiki na kutafuta samadi. Wakati huo jirani aliyejiandaa ameshachuma mchicha wa kwanza na anapanda wa pili.

Sehemu ya tatizo ni video. Nyingi zinazozunguka mtandaoni zinatoka Ulaya na Marekani, ambako Machi baridi inaanza kulegea na watu wanakimbilia nje na miche yao. Machi huku kwetu ardhi imeshiba maji na magugu yanakufika magotini. Halafu utasikia mtu anasema miche iwekwe juani kutwa nzima. Jua lake yeye sawa. Jua la Novemba la Mtwara saa saba mchana linababua jani la mche mchanga ukiliangalia. Majira yetu ya kuchipua ni pale upepo wa kusi unapokatika, watu wako mashambani wanaokota korosho, na maembe yanaanza kuonekana sokoni. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kitu cha kwanza ni udongo, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanaporuka. Uani kwangu ni mchanga, na nyumba nyingi za karibu na bahari ziko hivyo hivyo. Mwaga ndoo ya maji, dakika moja baadaye hujui ilimwagwa wapi. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyetoka Tandahimba, alinikuta nikimwagilia akacheka. "Mwanangu, mchanga hauna tumbo. Mpe tumbo kwanza, ndiyo umlishe."

Tumbo lenyewe linatengenezwa hivi. Pima tuta la upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani. Urefu ni wako. Ondoa udongo wa juu kina cha sentimita 30 hivi, uweke pembeni. Chini tandika makumbi ya nazi, upande wa nyuzi ukitazama juu, uyabananishe. Kumbi likilowa linashika maji siku kadhaa, na mizizi hulifuata. Juu yake weka majani makavu na samadi, kisha rudisha udongo ukiwa umeuchanganya na samadi nyingine, sehemu moja ya samadi kwa mbili za mchanga. Usijaze mpaka juu. Acha tuta liwe chini kidogo ya usawa wa ardhi, na kingo zake ziinuke, maji yasikimbie. Matuta yaliyoinuliwa unayoyaona kwenye picha yanafaa udongo mzito unaotuamisha maji. Kwenye mchanga, wakati wa jua, tuta la kuinuka linakauka kabla hujarudisha ndoo.

Makumbi nayo yana hadithi yake. Yale yaliyofukiwa pwani ili yalainike kwa ajili ya kusokota kamba yamelewa chumvi. Yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, uyamwage maji hayo, urudie tena kabla ya kuyafukia. Hivyo hivyo kwa mwani unaotupwa na bahari ufukweni: ni mzuri kuchanganya na mboji, lakini uoshwe.

Samadi ya mbuzi ni rahisi kuitumia. Ya kuku ni kali. Ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Irundike chini ya kivuli mwanzoni mwa Oktoba, inyunyizie maji, igeuze kila wiki. Ikifika Novemba iwe imepoa, haina ile harufu ya kuwasha pua, na ukiishika inavunjika vidoleni. Hapo iko tayari.

Kama bamia au nyanya zako za mwaka jana zilidumaa bila sababu ya kuonekana juu, ng'oa shina moja lililobaki uangalie mizizi. Ukiona vinundu vimefuatana kwenye mzizi, ambavyo havitoki ukivisugua, hao ni minyoo fundo, minyoo midogo mno inayoshambulia mizizi, na mchanga ndiyo nyumba yao. Oktoba ndiyo nafasi yako ya kuwapunguza. Lowesha tuta vizuri, lifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, fukia kingo zote kwa udongo, uliache juani wiki 4 hadi 6. Joto linalojikusanya chini linaua wengi wao pamoja na mbegu za magugu. Kisha hapo usirudishe bamia. Panda karanga. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, hapa hapa nje ya mji, kimeshughulikia karanga kwa muda mrefu pamoja na korosho na ufuta, na aina kadhaa zilizotoka kwake zina majina ya kwetu: Mnanje 2009, Masasi 2009, Nachingwea 2009.

Sasa maji. Kama unatumia kisima cha karibu na bahari, onja. Ukiwa na shaka, osha mikono: maji ambayo sabuni inagoma kutoa povu yana chumvi au chokaa nyingi. Maji ya namna hiyo mchicha na spinachi huyavumilia, lakini maharage na karoti utajisumbua bure. Tuta la mita moja kwa mbili, Novemba, linataka kama ndoo moja ya lita 20 kwa siku, nusu asubuhi mapema na nusu jioni. Maji ya kuoshea mchele na mboga yote yapeleke bustanini. Na mvua ikianza, kinga maji ya bati: paa la mita 4 kwa 5, mvua ya milimita 10 tu, inakupa karibu lita 200. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi na vinyesi vya mijusi. Ya pili ndiyo uweke pipa.

Mipapai na miche ya matunda iliyo mbali na bomba, ichimbie chupa ya maji ya lita moja na nusu. Toboa kizibo kwa sindano ya moto, kata kitako, ifukie kichwa chini karibu na shina, uijaze kila asubuhi. Inadondosha taratibu, mzizi unakunywa, magugu ya pembeni hayapati kitu.

Vifaa sitavikalia sana. Jembe, panga, reki, ndoo, na tupa ya kunolea. Hizo seti zinazouzwa kwenye boksi, vijiko na uma vya rangi rangi, hupinda ukikutana na mzizi wa kwanza wa mkorosho. Fedha hiyo nunua mpini mzuri na kabari ya kuubana. Mpini unaocheza ndio unaotoa malengelenge. Kama huna keni ya kumwagilia, chukua kopo la rangi la lita nne lililooshwa vizuri, ulitoboe kitako kwa msumari mwembamba ukipigia kutokea ndani, ili ncha za bati zitokeze nje. Ukitoboa kutokea nje, matundu yanaziba kwa uchafu na maji yanatoka kwa vishindo yakifukua mbegu.

Tuje kwenye cha kupanda. Hapa nitatofautiana na wengi: nyanya siyo zao la kuanzia Novemba. Zitaota vizuri, zitachanua, halafu mvua nzito za Januari na Februari zitaleta ukungu na utazitazama zikioza moja moja. Wakati huu ni wa majani na bamia. Mchicha, kunde za majani, maboga ya majani, matembele, bamia, nyanya chungu. Mlenda hauhitaji mwaliko, utajiotea wenyewe pembeni, usiupalilie wote.

Mbegu ya mchicha ni ndogo mno na mkono wa mtu huimwaga kwa rundo. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na mikono minne ya mchanga mkavu, ndipo unyunyize kwenye mistari. Funika kwa udongo mwembamba sana, tandaza makuti juu, na siku utakapoona vijani vinasukuma uyaondoe jioni, siyo mchana. Wiki tatu au nne unakula. Bamia loweka usiku kucha, asubuhi panda zile zilizozama. Matembele omba vikonyo kwa jirani, hakuna anayeyauzia mtu mbegu. Kwenye mpaka wa kiwanja chomeka vijiti vya mronge na kisamvu cha mpira. Hata kama umesahau kumwagilia vitakuvumilia, na kiangazi kijacho utakuwa na mboga wakati wengine wanahangaika.

Baada ya kupanda ndipo wageni huingia. Ukiamka ukute mche umelala chini, umekatwa sawasawa na udongo kama kwa wembe, fukua kwa kidole hapo hapo kwenye shina. Kina cha sentimita mbili tatu utamkuta sota, kiwavi mnene wa rangi ya udongo, amejikunja. Anakata usiku na mchana analala pale pale. Miche mingine ivalishe kola ya karatasi ngumu inayozama kidogo ardhini.

Mchwa hupenda matandazo makavu. Matandazo ni lazima kwa jua letu, kwa hiyo usiyaache. Yasogeze upana wa kiganja kutoka kwenye shina, yalowe kila unapomwagilia, na zungushia majivu ya jikoni. Vidukari kwenye kunde, wale weusi wanaojazana kwenye ncha changa, wapigie muarobaini: kilo moja ya majani mabichi yaliyotwangwa, lita 5 za maji, acha usiku kucha, chuja, weka sabuni kidogo, nyunyiza jioni kwa sababu jua linaipunguzia nguvu dawa. Rudia baada ya siku tano sita. Haimalizi wote, lakini inatosha kwa bustani ya kulisha nyumba.

Na hili nalisema bila kupindisha: viuatilifu vya mikorosho vilivyobaki stoo visiguse mchicha. Huku kusini karibu kila nyumba ina chupa au mfuko uliobaki baada ya kupulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na kishawishi ni kikubwa. Dawa ile imepimwa kwa mti ambao korosho yake itakaa miezi ndipo ivunwe. Mchicha wako unachumwa keshokutwa na kuingia sufuriani. Hata chupa tupu isigeuzwe ya kumwagilia.

Kuku ni adui kuliko wadudu wote hao. Watu wa pwani tuna dawa yake: nyavu za kuvulia zilizochakaa. Wavuvi huzitoa kwa bei ndogo au bure. Simamisha miti, funga wavu mpaka usawa wa kifua, na chini uubane kwa udongo, maana kuku haruki ukuta akiona pa kupita chini. Uoshe kwanza, la sivyo harufu ya samaki italeta paka wote wa mtaa, nao wanapenda kulala juu ya tuta lililolainishwa vizuri.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisinunue tu sokoni, mchicha ni bei rahisi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, malori yalikwama na kila mtu akaona jinsi vyakula vyetu vingi vinavyosafiri. Mwenye tuta la majani na kisamvu uani alikuwa na kitoweo. Sisemi bustani inamaliza shida zote, ila mboga ya jioni ile haikutegemea lori.

Mwishoni mwa Januari au Februari mvua huweza kukata kwa wiki nzima au zaidi. Usiogope na using'oe. Ongeza matandazo, rudi kwenye ndoo, chuma majani ya chini ili mmea upunguze mzigo. Kipindi hicho panda kunde raundi ya pili, zitapatana na mvua za Machi.

Nyanya zako zianzie hapo. Kitalu kiwe mwishoni mwa Machi, kwenye ndoo iliyotobolewa au kiroba, chini ya kivuli cha makuti. Mbegu kama Tengeru 97 ni ya kawaida, siyo chotara, kwa hiyo unaweza kuhifadhi zako mwenyewe. Miche ikifikisha wiki nne, ihamishe jioni kwa nafasi ya sentimita 50 hadi 60, uifunge kwenye vijiti vya kuegemea mapema kabla haijalala. Itachanua mvua zikiwa zinaisha, ikue kwenye ubaridi wa kusi, na Juni au Julai utaanza kuchuma. Katika miezi hiyo kagua majani kila siku: ukiona njia nyeupe zimechorwa ndani ya jani, huyo ni kantangaze, kiwavi anayekula jani kutokea ndani, na jani hilo lichumwe na kuchomwa siku hiyo hiyo.