Mumbai hadi Dubai: kilomita na saa za angani
Ni kama kilomita 1,930 kwa mstari ulionyooka, karibu njia yote juu ya Bahari ya Arabu. Ndege ya moja kwa moja huchukua saa 3 na ushee. Kwenye tiketi huenda ukaona kama saa moja na nusu au zaidi kidogo tu kati ya kuruka na kutua, lakini huo si muda wa safari. Tiketi huandikwa kwa saa za kila mji, na Dubai iko nyuma ya India kwa saa 1 na dakika 30 (ndiyo, India wana ile nusu saa yao). Ukiruka Mumbai saa 4 asubuhi, ukakaa angani saa 3 na robo, Dubai utatua saa 6 kasorobo mchana kwa saa za huko. Kurudi ni kinyume: tiketi itaonyesha muda wa kama saa 4 na nusu, wakati angani ni saa 3 tu au pungufu kidogo, maana upepo wa juu, hasa miezi ya baridi, huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege. Ukiunganisha kupitia mji mwingine, hesabu hii haifai.