Akipotea mgonjwa wa sukari, nani humuulizia?

Mhariri, assalaam alaykum. Wiki hii mmetuuliza wasomaji: kwa nini Wazanzibari wengi hujijua kuwa wana kisukari wakati wameshachelewa? Majibu ninayoyasikia huku kwetu Mkoani karibu yote yanamlaumu mgonjwa. Anapenda chai tamu, hataki kupimwa, anakimbilia mitishamba. Yamo ya kweli humo, lakini mimi nauliza kwanza: huyo mgonjwa alipita wapi akapimwa?

Kisukari cha ukubwani hakiumi. Sukari inaweza kukaa juu miaka kadhaa, na dalili zenyewe ni zile ambazo mtu wa makamo huzipa jina la uzee: kiu, kuamka usiku kwenda haja ndogo, kuchoka, macho kuona ukungu. Bila ya tone la damu hujui kitu. Asiyekula tangu usiku akisoma 7.0 (milimoli kwa lita, ndicho kipimo cha mashine zetu) au zaidi, na kipimo kikarudiwa siku nyengine kikatoa hivyo hivyo, huyo ana kisukari. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2021 yalisema Afrika ina watu wazima wapatao milioni 24 wenye maradhi haya, na zaidi ya nusu yao hawana habari. Hapa kwetu, Wizara ya Afya ilipofanya uchunguzi wa kaya kwa kaya mwaka 2011 walionekana watu wenye sukari au presha ambao hawakuwahi kuambiwa na yeyote.

Sasa tazama nani hupimwa. Mja mzito anayekwenda kliniki, mtu anayetayarishwa kwa upasuaji, aliyelazwa kwa jambo jengine, na aliyekuja na kidonda kisichopona. Mwanamme wa miaka arubaini na kitu, mvuvi au mchukuzi bandarini, ambaye hajawahi kulala hospitali hata siku moja, hana mlango wa kuingilia. Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya sukari utawaona kina mama wengi, na watu husema maradhi haya yanawapenda wanawake. Mimi siamini. Naona wanawake wamezoea njia ya hospitali tangu ujauzito wa kwanza, na wanaume hawaijui.

Mjomba wangu ni fundi wa madau. Siku moja alitoka pwani maji yakiwa yamekupwa, akaja akakaa barazani. Mkaza mjomba akaona damu sakafuni, akamuuliza ya nini. "Labda ya samaki," alijibu. Kumbe kipande cha kombe la chaza kilikuwa kimezama unyayoni, na ametembea nacho kutoka ufukweni mpaka nyumbani bila ya kuhisi. Hospitali mashine ilisoma 19. Daktari alimwambia kwamba mishipa ya fahamu ya mguu haifi kwa mwezi mmoja, sukari ile ilikuwa ikimla muda mrefu. Alikatwa vidole viwili.

Lakini lililonisukuma kuandika ni lile lililofuata. Alipewa kadi, akaanza kuhudhuria. Kila siku ya kliniki anatoka Alfajiri na njaa ili apimwe, anakaa foleni mpaka karibu na Adhuhuri, halafu vijiti vya kupimia vimekwisha, au dawa moja ipo na ya pili akanunue dukani. Kwa fundi, siku hiyo haina ujira. Taratibu akaacha. Alikaa nje ya kliniki zaidi ya nusu mwaka, na hakuna aliyempigia simu, ijapokuwa namba yake imeandikwa kwenye kadi. Mgonjwa wa kifua kikuu akikosa dawa anatafutwa mpaka nyumbani kwake, na vyema anatafutwa. Wa sukari akipotea, daftari linamwacha tu, na siku atakaporudi na kidonda kipya ataambiwa hasikii.

Mwezi wa Ramadhani jambo hili huwa zito zaidi. Wagonjwa wengi hawaendi kliniki kabla ya mwezi kuandama, kwa hiyo kila mmoja hujipangia dawa peke yake. Anayemeza glibenklamaidi, vidonge vya kushusha sukari, wakati wa daku kwa kiasi kile kile cha asubuhi anaweza kushukiwa na sukari alasiri: jasho, mtetemeko, kuchanganyikiwa. Ikishuka chini ya 3.9 inampasa afungue pale pale. Wengine hawajipimi kwa kuogopa kwamba kutoboa kidole kunabatilisha saumu, na wanazuoni wengi wameshasema hakubatilishi. Maneno haya yangesemwa msikitini mwezi wa Shaabani, imamu na mganga wa kituo wakiwa pamoja, yangeokoa watu.

Dawa yenyewe hatuna haja ya kuitafuta mbali. Wahudumu wa kujitolea wa Jamii ni Afya, ule mpango wa afya wa kutembelea majumbani, wamo katika shehia zetu, wana simu mkononi, wanawajua watu kwa majina, na kazi yao kubwa ni kutembelea kina mama na watoto wadogo. Wapewe na orodha ya wagonjwa wa sukari waliokosa tarehe. Wapewe mashine, na vijiti vya kutosha, kwa sababu mashine bila vijiti ni pambo. Wapime watu dikoni wakati wa mnada wa samaki, ambako wanaume wapo. Kwa watu wa Makoongwe na Kisiwa Panza, ambao kliniki kwao ni mpaka wavuke maji, dawa zitolewe za miezi mitatu kwa pamoja pale sukari inapokuwa imetulia.

Na mtoto anayekonda huku akinywa maji kupita kiasi na kuanza tena kukojoa kitandani apimwe sukari siku ile ile, hata kama mnadhani ni malaria. Huyo anahitaji insulini, na hawezi kungoja.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni moja. Mtakapokwenda kuwahoji wahusika wa Wizara, msikubali kupewa idadi ya walioandikishwa peke yake. Waulizeni kati ya walioandikishwa mwaka jana ni wangapi wameonekana kliniki miezi mitatu hii, Unguja wangapi na Pemba wangapi, wanaume wangapi na wanawake wangapi, kisha mtuchapishie.

Msomaji wenu, Mkoani, Pemba